Nasima Hanyamazi

Ami Mahfoudh aliburura kiti mpaka karibu na mlango, akaketi, akakohoa. "Talal wa Maskati anakuposa. Kwao wote wamekupenda, wanasema wewe ni naisi. Wasemaje, mwanangu?"

Hapo Nasima akanasa. Kwao mtaa wa Malindi mwanamwari haulizwi mara mbili: akinyamaza, karidhia, inasomwa fatiha, kesho halua inaagizwa. Na kumwambia "sitaki" ami aliyemlea tangu baba yake kufa? Ulimi haukuthubutu. Huyo Talal mwenyewe kamuona kwenye simu tu, kidevu na miwani, na hamtaki, wallahi hamtaki!

Basi akasema, lolote lile, ilimradi asinyamaze. Alikuwa akisomesha Kiingereza skuli ya Mpendae, maneno hayakuwa shida.

"Ami, hilo neno naisi, la Kiingereza, limetoka mbali. Mwanzo lilikuwa la Kilatini, maana yake asiyejua kitu. Wafaransa wakalitumia kumwita mtu mpumbavu. Waingereza nao wakalipokea vivyo hivyo, mtu naisi alikuwa mjinga."

"Ebo! Wametutukana?"

"La, ami. Baadaye likawa mtu mwenye haya. Kisha mwenye kuchaguachagua, hiki hataki, kile hataki. Kisha jambo lililopimwa kwa makini sana..."

Mate yalimkauka. Akaleta chakula naisi, gauni naisi, hali ya hewa naisi; akaleta mpaka naisi ya kumkejeli aliyevunja kikombe. Khaa, mtoto wa watu alihema kama kapandisha ndoo ya maji ghorofa ya tatu! Ami akitazama saa, akitikisa kichwa, subira yake haina mwisho.

Maneno yakamwishia. Ami akatabasamu, akainua mikono kusoma fatiha.

"Alhamdulillahi. Kanyamaza."

"Hajanyamaza," alisema Bi Salhiya, mama yake Nasima, aliyekuwa kakaa mkekani tangu mwanzo. Mwanamke huyo hakuwahi kumkatiza shemeji yake hata siku moja. "Anapumua tu. Na mimi siku ya kuposwa na nduguyo sikuridhia, shemeji. Nilikuwa nnalia ndani ya kanga, nyinyi mkasema nimenyamaza."

Mikono ya ami ikabaki hewani. Nasima alimtazama mama yake, akamfikiria marehemu baba yake, ambaye yeye Nasima alimpenda mno, na machozi yakamtoka kwa ajili ya wote wawili.

"Sitaki, ami," alisema.