Dada Yake Bi Herminia

Ilze alikuwa ameingia mwezi wa tatu akisoma katika mji wa León, na kanisa kuu alikuwa bado analiona kwa nje tu, akipita mbio kwenda darasani. Kila alipomwomba Bi Herminia, mjane aliyempangisha chumba, wafuatane, jibu lilikuwa lile lile.

"Nenda wewe, mwanangu. Mimi nasali kanisa la San Martín."

Jumamosi moja akaenda peke yake. Jua la asubuhi lilikuwa limepenya vioo virefu vya rangi vya madirisha, na sakafu, nguzo, hata mikono yake, vyote vimegeuka vyekundu na samawati. Akaketi. Ghafla akamkumbuka mama yake kule Latvia, machozi yakamlengalenga.

"Usikalie ubao mtupu, utaumwa mgongo." Bibi mmoja mwembamba alimsogezea mto mdogo. "Mgeni?"

"Mwanafunzi, bibi."

"Unakaa kwa nani?"

"Kwa Bi Herminia, pale nyuma ya soko."

Yule bibi akawa anakunja na kukunjua leso yake. Kisha akauliza polepole, "Bado kifua kinambana?"

Ilze akamtazama vizuri. Pua ile ile, nyusi zile zile.

"Mimi Casilda, dada yake. Mwaka wa tisa huu hatusemezani. Mama alipofariki, Herminia alipiga pasi gauni la buluu la kumzikia. Mimi nikamvika jeusi. Sikumuuliza. Mimi ndiye mkubwa, nikaona neno langu linatosha."

"Na hujawahi kwenda kumwona?"

"Nafika pale kwenye kona, miguu inagoma."

Ilze akainuka, akamshika mkono. "Leo tutakwenda wawili."

"Mtoto una kichwa kigumu wewe," Casilda alisema, lakini aliinuka.

Pale kwenye kona alisimama kweli. Ilze hakumvuta, alingoja tu, mkono wake ndani ya ule mkono mkavu. Baada ya muda wakaendelea.

Bi Herminia alikuwa jikoni akikata mkate. Aliinua macho, kisu kikabaki hewani.

"Umekonda," alisema.

"Wewe umenenepa."

Hakuna aliyecheka. Casilda alibaki mlangoni na koti lake. "Mama alilipenda lile la buluu," alisema. "Nililijua hilo siku ile ile, Herminia. Nikashindwa kulisema."

Bi Herminia akaweka kisu chini. Akajifuta mikono kwenye aproni, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kukauka. Kisha akavuta kiti.

"Kaa, dada. Umesimama kama mdai."

Ilze akajiondokea taratibu chumbani kwake, akafungua daftari, asiandike kitu. Kwanza alisikia kilio cha chini chini, hakujua ni cha nani. Baadaye akawasikia wakibishana juu ya kiasi cha vitunguu saumu kwenye supu, na ubishi huo ukaendelea mpaka saa tisa alasiri.