Kadzama ya Moshi

Msinione nacheka. Mimi Kanze wa Ngumbao nikicheka hivi jueni nimejaa mpaka hapa, kooni. Na mtu akitaka kujua ladha ya siga aniulize mimi, maana nimeionja. Mwanamke mzima, mpika vitumbua wa Kilifi, nilikaa kwenye kiti cha ngozi katika hoteli moja ya Bofa nikipuliza moshi kama bwana mkubwa. Nilifanya hivyo kwa ajili ya baba.

Baba alikuwa mtunza bustani wa Mtaliano mmoja upande wa Dabaso, Bwana Sandro. Mimi nilizaliwa palepale, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mikorosho. Mama yangu, Sidi, amezikwa palepale. Siku alipofariki, baba alimwendea Bwana Sandro na kadzama mkononi. Kadzama ni kibuyu cha tembo la mnazi. Sisi Wagiriama huendi kwa mtu na haja kubwa mkono mtupu. Unaweka kadzama yako mbele yake, ndipo unasema. Akinywa, amekukubalia. Akiwa hataki, anakurudishia kadzama yako, nawe unaondoka bila ugomvi. Bwana Sandro alikunywa. Akasema, "Ngumbao, mzike mkeo hapa, na wewe kaa hapa mpaka ufe. Hapa ni pako." Hakuandika kitu. Na nani angemdai karatasi, naye kibuyu amekimaliza?

Mwaka jana Bwana Sandro akafa kwao Italia. Mwanawe, Davide, akaja kuliuza shamba. Baba akaletewa barua: mwezi ukiisha awe amehama.

Nikapanda gari nikaenda Dabaso siku hiyohiyo. "Baba, twende kwa wakili," nikamwambia. "Mtu aliyekaa mahali miaka yote hiyo ana haki yake."

Akaniangalia kama niliyemtemea mate. "Davide nimembeba mgongoni. Nimemfundisha kuogelea mimi. Leo nimshtaki kabla hata sijamwomba? Wewe umelelewa na nani?"

"Haya, mwombe basi!"

"Mkono mtupu haulambwi."

Sasa shida ikawa hapo. Davide pombe haigusi, na tembo la mnazi hata harufu yake humkimbiza. Lakini siga huvuta, ile sigara nene ya majani matupu isiyo na karatasi, na anapenda ileile aliyokuwa akiivuta babake barazani jioni: fupi, imesokotwa kwa mkono, inaisha kabla chakula hakijapoa.

"Hiyo ndiyo kadzama yake," akasema baba. "Nenda ukaitafute. Wewe umekulia kwenye moshi wake, pua yako inaujua. Lakini iwe yenyewe, Kanze. Kadzama mbovu ni matusi."

Ndiyo nikajikuta Bofa. Ndani ya hoteli mle mna chumba kidogo cha kuuzia siga, baridi tupu, na muuzaji wake ni mtu wa bara aitwaye Ndirangu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akaziangalia kandambili zangu.

"Mama, sigara ziko pale kwa duka, barabarani."

"Kwani nimekuuliza sigara, mimi?" Nilimpandia. "Nataka siga. Fupi, ya kusokotwa kwa mkono, na nataka kuionja kwanza. Sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia."

Alicheka, lakini si kicheko kibaya. Akanivutia kiti, akafungua kabati la mbao. Alikuwa na misokoto ya kuonjesha wateja. Akakata ncha moja kwa kikasi chake, akaipasha kwenye kiberiti polepole, hata moto haukuigusa. "Usimeze moshi, mama. Uweke mdomoni, uusikie, halafu uutoe."

"Bibi yangu Kache alitafuna tumbaku mpaka siku ya kufa. Usinifundishe."

Nikavuta, nikameza. Mama yangu! Nilikohoa machozi yakanitoka, makamasi yakanitoka, na Ndirangu wa watu kaninyooshea maji na uso ameugeuzia ukutani asinicheke. Nikajifuta, nikarudi kazini.

Ile ya kwanza ilikuwa tamu kama peremende. "Hii ya watalii," nikamwambia, "ipeleke huko." Ya pili ilinichoma ulimi kama pilipili mbuzi. Ya tatu hata sikungoja aiwashe. Niliiweka puani tu, nikamsikia mama akiniita nikateke maji, na Bwana Sandro akikohoa barazani. Akaiwasha. Safari hii sikumeza. Ilianza na kahawa chungu, ikaja mbao ya sanduku la nguo, kisha mwisho kabisa, huku nyuma ya ulimi, ikaja korosho iliyoungua kidogo. Nililia pale kitini, na sikuona haya.

"Hii," nikasema.

"Uko na ulimi, mama," akasema Ndirangu, naye hakuwa anatania.

Aliponitajia bei nilishika meza. Nikalipa kwa pesa nilizokuwa nimemwekea wakili. Akaniwekea siga moja, nzima, na pete yake ya karatasi ya kijani, ndani ya kijisanduku, nikakishika mapajani mpaka Dabaso.

Baba alioga. Akavaa koti alilopewa na Bwana Sandro, likamwelea mabegani, tukaenda hadi barazani. Akampa Davide kile kijisanduku kwa mikono miwili.

"Siga ya baba!" Davide alipiga ukelele kama mtoto. Akaiwasha pale pale, akafumba macho, na nikaona chozi. Kweli nililiona, simsingizii. Baba akangoja moshi utoke kwanza, kama inavyotakiwa, ndipo akasema: anaomba aachiwe nyumba yake na kaburi la mkewe, akae mpaka naye afe.

"Sawa, mzee. Sawa. Tutaona," akasema Davide. Kisha akanigeukia mimi: nimeipata wapi siga nzuri namna hii? Nikamwambia Bofa, kwa Ndirangu. Akaandika kwenye simu yake.

Baba hakuondoka. Alisimama mpaka siga ikaisha, na Davide alipoingia ndani, akakiokota kishina kilichobaki kwenye kisahani cha majivu, akakifunga kwenye leso.

"Baba, amesema tutaona."

"Mdomo umesema tutaona. Siga ameivuta mpaka mwisho, mbele yangu na mbele yako. Unataka nini tena?"

Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Nilimsihi, nikamgombeza, nikamnunia. Nilimwambia nitakopa, twende kwa wakili siku bado zipo. Ng'o! Kumpeleka mtu mahakamani baada ya kunywa kadzama yako, akasema, ni uchawi. Badala ya kufunga mizigo akakanda udongo akaukandika ukuta wa jikoni. Akapanda mihogo. Mihogo, jamani, mtu aliyeambiwa ahame!

Mwezi ukaisha, barua ya pili ikaja, tukaitwa ofisi ya ardhi. Ofisa alikuwa Mwenda, mtu wa Meru, mwenye adabu zake. Akamuuliza baba ana kitu gani cha kuonyesha kwamba pale ni pake. Baba akafungua leso mezani.

"Mzee, humu ndani hatuvuti," akasema Mwenda.

Nikaeleza. Nilieleza yote, kibuyu cha kwanza, siga, kishina, huku uso umenipanda moto. Mwenda alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Laiti angecheka, ningepata wa kumtukana. Akakifunga kile kishina vizuri ndani ya leso, akamrudishia baba, akasema, "Pole, mzee. Ningeweza kusaidia kama kungekuwa na maandishi, ama kesi ingekuwa imefunguliwa mapema."

Siku ya kubomoa walikuja na lori, mitaimbo na askari wawili. Baba alikaa kizingitini. Askari wakamwomba, hakuinuka. Nikamwomba mimi, hakuinuka. Kiongozi wa wabomoaji akasema basi wataanza na paa, baba akasema waanze. Tayari mabati ya upande wa pili yalikuwa yanang'olewa gari la Davide lilipofika.

Davide akashuka. Baba akafungua leso, akakiinua kile kishina juu.

"Ulivuta," akasema.

Davide akamtazama. Akakitazama kishina. Nikamwona hajui, hajui kabisa, anatafuta maana usoni mwa baba. Halafu akatabasamu. Ole wake na lile tabasamu! Alidhani mzee ana hamu. Alidhani mzee ameokota kishina kwa sababu hana yake ya kuvuta. Akarudi garini mbio, akatoka na sanduku la siga, lilelile la kwa Ndirangu, pete za kijani zimejipanga. Akachagua moja. Akaja akampa baba kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama baba alivyomfundisha kuwapa wazee kitu alipokuwa mdogo.

Baba akaipokea. Akainusa kutoka ncha hadi ncha. Hata wale wa juu ya paa wakaacha kung'oa mabati.

"Amerudisha," akasema baba.

Akainuka mwenyewe, bila mkono wa mtu. Akachukua kigoda chake, akapanda lori.

Nilimrukia Davide. "Mpumbavu wewe! Unajua umefanya nini?"

"Ni zawadi, Kanze," akasema, na macho yake yalikuwa ya mtu mwema. "Zawadi tu. Kwa mzee wangu."

Sasa baba yuko Ganze, kwa binamu yake, kwenye vumbi, maji ya kufuatwa kwa punda. Kule Dabaso wamejenga ukuta, mikorosho na mama wote wamo ndani, na mlinzi wa geti hanijui. Siga ameichomeka juu, kwenye boriti, kichwani pa kitanda chake. Haivuti wala hataki mtu aiguse.

Juzi nilikwenda kumwona na unga na sukari. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Nikakaa. Jicho likanipanda kwenye boriti, hasira zikanipanda nazo. Nikamwambia anipe kile kidude nikakitupe chooni.

"Iache," akasema. "Wewe ile ya kwanza uliichagua vizuri. Ingekuwa mbovu asingeipenda, asingenunua nyingine, asingekuwa na ya kunirudishia. Ningekuwa nimekaa pale mpaka leo, namngoja anipe jibu."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananisifu.