Kibati cha Mashine ya Shangazi

Malipo ya beringi yaligoma benki. Hayakukataliwa wala hayakupita. Yalikaa tu, kama mgeni aliyefika mlangoni akaambiwa asubiri. Nikatumiwa ujumbe niende dirisha la mwisho, lile lisilo na foleni, na nilipofika nikaelewa kwa nini halina foleni.

Nyuma yake alikaa mama mwenye miwani ya kamba, ambaye wenzake walimwita Mama Breki. Kazi yake ilikuwa kuangalia kila malipo yanayokwenda nje kununua bidhaa, hasa yale ya kwenda nchi zilizowekewa vikwazo. Beringi zetu zilikuwa zinatoka nchi ya namna hiyo.

"Binti, hizi ni za nini?"

"Za mashine ya kusaga mahindi, mama."

"Na kwa nini huko? Dunia nzima ina beringi."

"Mashine yenyewe ilitengenezwa huko. Za kwingine hazikai. Tumejaribu, zinacheza kama jino bovu."

Akatabasamu, lakini macho hakuyaondoa kwangu. Akanieleza polepole, bila kunidharau. Vitu vya chakula vinaruhusiwa, hata vya kusagia. Ila kuna viwanda vya kule vimekatazwa kwa majina, kwa sababu mkono mmoja vinatengeneza mashine za unga na mkono wa pili vinatengeneza silaha. Pesa ikiwafikia hao, hata kwa kupitia dukani, benki za nje zinaweza kuifungia milango benki yetu nzima. Duka tuliloagiza lilikuwa safi. Alichotaka kujua ni duka lenyewe linachukua beringi kwa nani.

"Nani aliitengeneza mashine yenu?"

"Ina kibati ubavuni, kimeandikwa kwa herufi za kwao. Mimi kazi yangu kukifuta unga. Kukisoma siwezi."

"Basi nitakuja kukiona. Ijumaa."

Mashine ni ya shangazi. Ndiye aliyetulea mimi na kaka, na unga wa mashine hiyo ndio uliotusomesha: kaka mpaka chuo, mimi mpaka darasa la saba. Magoti ya shangazi yalipoanza kumgomea, mtu wa kushika mkanda na magunia nikawa mimi, na sikujuta. Sasa beringi zilikuwa zimeungua, mashine imenyamaza, na watu ndiyo kwanza wanavuna. Wateja wetu wa miaka mingi walitupita mlangoni na magunia yao kichwani, wakitusalimia kwa aibu, kwenda kusaga barabara ya pili.

Kaka alikuwa ameshasema tuiuze kwa mtu wa chuma chakavu kabla kutu haijala bei. Shangazi akajibu tusubiri mavuno yaishe. Yakiisha mashine haijasaga, iuzwe. Neno la shangazi halirudi nyuma. Na mimi bila ile mashine sikuwa na kazi, wala sikutaka nyingine.

Kesho yake kaka akaja na dalali mmoja mwenye viatu vya kung'aa, anaitwa Njia Fupi. Si jina la kubandikwa, alijiita mwenyewe.

"Dada yangu, unahangaika bure," akaniambia kabla hajakaa vizuri. "Binamu yangu ana duka la masufuria nchi ya jirani. Mnamlipa yeye, yeye anawalipa kule. Benki inaona masufuria."

"Na beringi?"

"Zinakuja ndani ya masufuria."

Shangazi alikuwa amenyoosha miguu mkekani. "Na wakifunua?"

"Mama yangu, nani anafunua sufuria la mwenzake?"

"Mimi," akasema shangazi. "Nikisikia harufu."

Kaka hakucheka. "Huyo Mama Breki atakuja kutupekua humu, halafu tuitwe wahalifu. Na aliyemkaribisha ni wewe."

"Kaniuliza, nimemjibu."

"Si kila swali lina jibu, mdogo wangu. Hayo ndiyo wanafundisha mbele ya darasa la saba."

"Nikisema masufuria leo, siku nikitaka kulipia mkanda nitasema nini? Vijiko?"

Njia Fupi akamaliza chai yake, akaaga kwa adabu. Kaka akamsindikiza, na huko nje walikaa muda mrefu kuliko kawaida ya kusindikizana.

Ijumaa nilitoka kumpokea mgeni barabarani. Mama Breki alikuja kwa miguu, amevaa viatu vya chini, simu mkononi tayari kwa kupiga picha. Njiani akaniuliza habari za mavuno, na za magoti ya shangazi niliyokuwa nimemtajia. Nikafungua mlango wa kibanda, nikamkaribisha, kisha nikasimama pale pale.

Mashine ilikuwa ya kijani. Imepakwa kuanzia faneli ya juu mpaka miguuni, mpaka kibati, mpaka na kipande cha ukuta. Kaka alikuwa pembeni na brashi mkononi.

"Tumeipendezesha kidogo, mama, kwa ajili ya mgeni."

Mama Breki akagusa kibati kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole. "Rangi mbichi," akasema. "Mtu akifunika kitu siku niliyosema nakuja kukiona, mimi huandika jambo moja tu: wanaficha."

Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuulizia mavuno. Nikachukua mafuta ya taa na tambara, nikapiga magoti ubavuni mwa mashine. Kaka akainama akanishika mkono, taratibu, kama zamani alivyokuwa akinivusha barabara.

"Unajua kimeandikwa nini?"

"Sijui."

"Kikiwa kibaya je?"

"Kitakuwa kibaya hata chini ya rangi."

Akaniachia. Nikasugua. Herufi zilichongwa kwa kina, na rangi iliyobaki ndani yake ilizifanya zisomeke kuliko nilivyowahi kuziona. Mama Breki akapiga picha, akavaa miwani, akalinganisha na kitu kwenye simu yake. Akarudia kulinganisha.

"Ni hao," akasema. "Wamo kwenye waliokatazwa."

Kaka akaketi juu ya gunia tupu. "Umeona sasa?" Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali.

"Malipo haya nayafuta," Mama Breki akaendelea. "Pesa itarudi kwenu yote. Lakini kwa hawa hamnunui hata skrubu, wala kwa duka linalouza vya kwao."

Nikainuka, mikono ya kijani. "Na mashine yenyewe, mama? Ni kosa kuitumia?"

"Mliinunua kabla ya vikwazo. Ni yenu, sageni mpaka ichoke. Kinachokatazwa ni kuwalipa."

"Nikinunua beringi za nchi nyingine, nikalazimisha zikae?"

"Za nchi nyingine hazina shida kwangu. Hayo ya kulazimisha muulize fundi. Mimi mtu wa benki."

Siku hiyo hiyo nikazibeba zile beringi za kwingine tulizowahi kujaribu, nikaenda kwa mkerezaji wa vyuma, mzee mmoja anayeongea na chuma kuliko na watu. Akapima shafti, akapima nyumba ya beringi, akatikisa kichwa.

"Shimo kubwa, beringi ndogo. Unataka nimvishe mtoto shati la baba yake."

"Mkerezee shati la ndani, babu. Libane."

"Bushi hiyo itapata moto."

"Ikipata moto tutakereza nyingine."

Ikapata moto. Moshi ulitoka kabla hatujamimina hata kibaba. Iliyofuata ililegea, mashine ikatetemeka mpaka shangazi akatoka nje na fimbo yake. Barabarani magunia yalikuwa yanapungua. Mashamba ya chini yalikuwa yamebaki mabua. Nikarudi kwa mkerezaji. Akasema amechoka. Nikakaa kwenye benchi lake, sikugombana naye, sikuondoka. Mwishoni akavua miwani, akaifuta, akaomba shafti apime tena.

Kaka alikuja na mtu wa chuma chakavu asubuhi tuliyokuwa tunaifunga bushi mpya. Mtu huyo alikuwa na mabega kama mlango, na mkokoteni wake ulibaki nje. Shangazi akamwona akisimama pale mlangoni.

"Karibu baba. Shika hapo."

"Nishike wapi?"

"Hapo kwenye shafti, asije akaminywa mtoto wangu."

Akashika. Nikakaza bolti moja baada ya nyingine, nikavuta mkanda, nikawasha. Mashine ikakohoa, ikashika mwendo. Nikaweka kiganja juu ya nyumba ya beringi, nikakiacha hapo. Chuma kilikuwa vuguvugu, kama paji la mtoto asiye na homa, na kikabaki hivyo.

Mama mmoja aliyekuwa akipita na gunia akasimama, akasikiliza, akaingia.

"Sasa mnauza au hamuuzi?" akauliza mtu wa chuma chakavu, mikono yake imejaa grisi.

Kaka alinitazama, akatazama kiganja changu kilipo. Kisha akavua shati lake la kazini, akalitundika msumarini, akalinyanyua gunia la yule mama na kulimimina kwenye faneli.