Wanyama wa Msusi

Kinyozi alijifunza kuwalisha wanyama wa marehemu mkewe kwa kusikiliza simu, maana maandishi madogo ya kwenye runinga yalimshinda, na kuuliza watu aliona haya. Mtu mzima, kichwa kimejaa mvi, akifunga duka anakwenda kujifungia sebuleni na pedi ya gemu mkononi. Hilo utamweleza nani akuelewe?

Wanyama wenyewe hawakuwa wa nyama na damu. Walikuwa viumbe wa mchezo wa video, wenye dunia pana ya milima, mabonde na mito, ambamo mchezaji huzunguka anakotaka, akanasa viumbe na kuwaleta kambini wamfanyie kazi. Mmoja huchota maji, mwingine hupasua kuni, mwingine hula na kulala. Kambi ile aliijenga mkewe mwenyewe, tangu uzio wa kwanza mpaka taa za njiani.

Mkewe alikuwa msusi. Duka lao lilikuwa moja lenye pazia katikati: upande huu kioo kirefu na mashine za kunyolea, upande ule vichana, nywele za kuunganisha na wanawake wanaocheka. Jioni alijitupa kwenye kochi, miguu kaipandisha juu ya stuli kwa uchovu wa kusimama kutwa, akacheza. Mumewe akipita, humtania.

"Unalisha ng'ombe wasio na maziwa."

"Hata wewe nakulisha," mkewe hujibu bila kugeuza macho, "na maziwa sijayaona."

Aliyekuwa akicheza naye ni binti yao, mtoto wao wa pekee, anayefanya kazi kwenye duka la dawa katika mji mwingine. Dunia yote ya mchezo ilikaa ndani ya mashine ya mama ya kuchezea. Mama alifungua lango, binti akaingia kutoka huko aliko kama mgeni, wakawa wanatembea pamoja porini huku wanaongea ya kazini, ya majirani na ya moyoni. Baba hakuwa na lango. Simu ya binti ikiita naye ndiye aliye karibu, alikuwa na neno moja tu: "Ngoja nikupe mama yako."

Sasa mama hakuwepo wa kupewa simu.

Siku ya kuondoka baada ya mazishi, binti alianza kukunja nyaya za mashine aende nayo. Kinyozi alisimama mlangoni akimtazama, kisha akasema, "Niachie."

"Uachiwe nini, Baba? Hujawahi hata kuigusa."

"Nitajifunza. Nitawalisha."

Binti aliutazama waya mkononi. "Haya. Lakini nisikilize vizuri. Huu mchezo hausubiri mtu. Hata ukiuzima, siku zake zinakwenda. Wakikosa chakula wanaumwa, wakiumwa sana wanatoroka, na aliyetoroka hapatikani tena. Wewe walishe tu. Usiguse kingine. Nikija mwisho wa mwezi nikiwakuta wote, mashine itabaki hapa, na jioni nitakuwa nakuja langoni kwako kama nilivyokuwa naenda kwa Mama. Kwa sasa siwezi kuingia mle. Nipe muda."

Kinyozi aliitikia kwa kichwa. Alijua alichoahidiwa. Wanyama hawakumtia hamu yoyote. Alichotaka ni mtu wa kuja langoni jioni, na mtu huyo awe mwanawe.

Basi binti akawa anamtumia vidokezo kwa sauti, naye anavisikiliza dukani, simu kaiegemeza kwenye chupa ya spiriti.

"Baba, cha kwanza kabisa: jaza matunda kwenye hori ndipo utoke kambini. Usitoke hori likiwa tupu, hata kama kumekucha vizuri namna gani."

"Baba, ukikutana na mnyama mwenye pembe usikimbie. Ukikimbia anakuona wewe ndiye chakula. Inama, mzunguke taratibu, pita nyuma yake."

"Usirushe mtego kabla mnyama hajachoka. Mtego ni haba, Baba, usitupe kama mawe."

"Na yule wa rangi ya dhahabu kule juu mlimani, achana naye. Mama mwenyewe alimwogopa."

Siku za kwanza alikufa vibaya mle mchezoni. Alikufa kwa kuliwa, kwa baridi, na mara moja kwa kutembea kinyumenyume akitafuta matunda mpaka akadondoka bondeni. Hilo la bondeni alimsimulia binti, na binti akarudisha ujumbe wa kicheko kitupu, kirefu, bila neno. Kinyozi aliusikiliza ule ujumbe huku amemwacha mteja na povu kidevuni.

"Mzee, nakauka," mteja akalalamika.

"Samahani, bwana."

Kidogokidogo mkono ukazoea. Hori halikupungua. Wanyama akawajua mmoja mmoja, kwa majina ambayo mkewe aliwapa na ambayo yeye alilazimika kuvaa miwani na kusogea mpaka pua inakaribia kioo ili ayasome juu ya vichwa vyao. Wanne walikuwa wa aina moja, wa manyoya meupe, wachota maji. Mwenyekiti, mkubwa kuliko wote, husimama katikati ya kambi kama anasubiri kusomewa taarifa. Shangazi hukoroma. Pilipili hana subira, hugombana na ndoo. Na Kibonge, mdogo, mnene, asiye na faida: akibeba maji, nusu huyamwaga njiani. Kinyozi akawa anajikuta anamsemesha. "Wewe nawe, twende basi, wenzako wamefika."

Aliyemwingiza matatani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mteja wake wa siku nyingi, dereva wa lori, mtu wa maneno mengi. Siku hiyo sauti ya binti ilitoka kwenye simu ikizungumzia mitego, na dereva akageuka kitini nusura wembe umpitie sikioni.

"Wewe mzee! Unacheza ule mchezo wa viumbe?"

"Tulia, nitakukata."

"Umri huo! Wajukuu watacheza nini?"

"Sina wajukuu. Tulia."

Kumbe dereva naye alikuwa mchezaji, tena mkongwe. Akauliza kambi ina nani na nani, akasikia habari za wale wanne weupe, akaguna.

"Wanne wa aina moja? Hao wanakulia matunda ya bure. Kuna jiwe jeusi pale nyuma ya ghala, umeliona? La kuunganishia. Weka wote wanne juu yake, waunganishe. Nguvu za wanne zinaingia kwa mmoja. Anachota maji kama bomba! Ukiwa na huyo, hata yule wa dhahabu unamfuata."

"Na hawa wengine?"

"Si wameungana, mzee wangu? Wako humohumo."

Neno hilo lilimkaa. Usiguse kingine, binti alisema, na yeye hakusahau. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia, na kinyozi alianza kuona kwamba kulisha tu ni kazi ya mlinzi. Alitaka binti akifika akute kitu ambacho baba yake amekifanya.

Na kuunganisha alikujua, au alidhani anakujua. Miaka yote ile upande wa pili wa pazia alikuwa akiona mkewe anashika mafungu ya nywele, anayapitisha hili juu ya lile, yanakuwa msuko mmoja. Fungu halipotei kwenye msuko. Limo. Mwenye kichwa akichoka anarudi, anakaa kwenye stuli, msusi anafumua, na kila unywele unarudi mahali pake. Alivyoelewa yeye, ukiunganisha unaweza kufumua. Hakuwahi kuona kuunganisha kwa namna nyingine.

Jumamosi jioni, siku moja kabla binti hajafika, aliwapeleka wanyama wanne kwenye jiwe jeusi. Akamweka Mwenyekiti mbele, kwa kuwa ndiye mwenye nguvu. Kioo kikauliza swali kwa maandishi mekundu, marefu, madogo. Miwani ilikuwa dukani. Kinyozi akabonyeza ndiyo, kama anavyobonyeza kila swali linalotokea kwenye simu yake. Mwanga ukajaa sebuleni. Ulipotulia, Mwenyekiti alikuwa amesimama peke yake, mkubwa kama nyumba, manyoya yanang'aa, na ndoo mdomoni kwake imekuwa kama kikombe.

"Ehee!" kinyozi akasema kwa sauti, peke yake chumbani.

Binti alifika kesho yake mchana. Alivua viatu, akamkumbatia baba yake kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mfuko wa mkate, kisha akakaa kwenye kochi, upande wa mama yake. Halafu akanyoosha mkono. "Nipe pedi."

Kinyozi alibaki amesimama nyuma ya kochi.

"Baba! Hori limejaa mpaka linamwagika." Aligeuka, macho yanacheka. "Na uzio umeutengeneza?"

"Uliliwa na yule mwenye pembe. Nikaurudishia."

"Hongera, mzee. Mimi nilidhani nitakuta jangwa." Akawa anapita kambini, anaita. "Mpasua kuni yupo. Wa moto yupo. Mwenyekiti... Mungu wangu, Mwenyekiti amekula nini?" Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akaenda nyuma ya ghala. Akaenda mtoni, akafuata ile njia ya maji kwa urefu wake wote, akarudi nayo. "Baba, Kibonge yuko wapi?"

"Yumo humo."

"Humo wapi?"

"Kwa Mwenyekiti. Nimewaunganisha. Nilitaka ukija ukute—"

"Umefanya nini?"

"Nimewaunganisha, wanne. Sasa tunaweza hata kumwendea yule wa dhahabu, mimi na wewe." Aliona uso wa binti, akaongeza haraka, "Kama hupendi, si tunafumua?"

Binti aliweka pedi mapajani. "Hakuna kufumua, Baba."

"Hakuna namna?"

"Hakuna. Wale watatu wamefutwa. Mchezo unajihifadhi wenyewe, unafuta ule wa jana. Lilikuja swali jekundu. Hukulisoma?"

Kinyozi aligusa mfuko wa shati, mahali pa miwani.

"Kibonge alikuwa wa kwanza," binti akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na ugomvi, na hilo lilimuumiza zaidi. "Mama hata pedi alikuwa hajui kuishika. Nilikuwa namwambia rusha, Mama, rusha sasa, anarusha kwa nyuma. Mitego yote ikaisha, ukabaki mmoja. Alipomnasa alipiga kelele mpaka jirani akabisha hodi. Jina la Kibonge lilikuwa langu mimi, nilipokuwa mdogo. Hukumbuki?"

Alikumbuka. Alikumbuka wakati ule ule alipoulizwa, na si kabla.

"Nilikwambia uwalishe tu," binti akasema.

"Nisamehe, mama."

"Sijakasirika, Baba." Alifuta uso kwa kiganja, akainuka, akaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Walikula mkate na chai, wakaongea kuhusu dari linalovuja na mwanamke aliyetaka kupanga ule upande wa pazia. Jua lilipoanza kushuka, binti akavaa viatu. Kinyozi alikuwa amekwisha kuchomoa nyaya na kuizungusha mashine ndani ya shuka la kunyolea.

"Chukua. Tulikubaliana."

"Ya nini, Baba?" Aliirudisha mezani polepole, kwa mikono miwili. "Baki nayo wewe."

"Utakuja langoni?"

Binti alimwekea sawa ukosi wa shati. "Nitaona," akasema.

Jioni ile kinyozi alirudisha nyaya mahali pake, akajaza hori, akafungua lango la wageni jinsi alivyofundishwa. Akakaa. Mwenyekiti alikwenda mtoni na kurudi, akijaza pipa kwa safari moja, kisha akasimama kwa sababu hakukuwa na kazi iliyobaki. Hakuna aliyeingia. Jioni iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na zilizofuata. Ujumbe wa sauti ulikuja mmoja, wa kumkumbusha aite fundi wa dari.

Dereva wa lori alirudi kunyoa. Alikaa, akafungwa shuka shingoni, akamtazama kinyozi kwenye kioo kwa tabasamu pana.

"Vipi, bingwa? Uliwaunganisha? Si ana nguvu yule?"

Kinyozi alifuta wembe, akautazama, akaufuta tena.

"Ana nguvu sana," akasema. "Inamisha kichwa."