Magoti ya Daktari Estep

Kila Jumatatu asubuhi Verna Estep hufua suruali za mumewe, na kabla hajazitia mashineni huzikagua magotini. Jumatatu hiyo alikuta makombo ya mkate wa mahindi, lami ya kituo cha mafuta, na manyoya ya paka. Manyoya aliyabandua moja moja akayaweka kwenye kikombe, kwa sababu nyumba yao haikuwa na paka, naye alitaka kujua huyo paka ni wa nani.

Mambo yalianza Julai, sheria mpya ya jimbo ilipoanza kutumika. Iliwaruhusu wafamasia kumpa mtu yeyote ile dawa ya kupuliza puani, ya kumzindua aliyezidisha vidonge vya kulevya, bila yeye kwenda na cheti chake cha daktari. Lakini serikali haipendi kiboksi cha dawa kisicho na jina la daktari. Ikabidi daktari mmoja atie saini cheti kimoja kwa niaba ya jimbo zima, na waliotumwa kumtafuta wakampata Roscoe Estep wa mji mdogo wa Pruitt Fork, mzee wa miaka sitini na minne aliyekuwa anakaribia kustaafu. Jina lake likachapwa kwenye kila kiboksi, milimani na mabondeni. Tangu hapo, kiboksi kikifunguliwa popote, Daktari Estep hutoweka alipo na kutokea huko, amepiga magoti kando ya mtu aliyelala chini. Hukaa dakika saba. Dawa inafanya kazi yake yenyewe. Yeye hushika mkono tu na kusema maneno. Kisha hurudi mezani akakuta maharage yake yamepoa.

Watu wa Pruitt Fork walizoea kabla ya mwezi kwisha. Kanisani kwaya ilijifunza kuendelea bila sauti yake nzito, na fundi wa magari alikubali kumpa funguo dirishani, haraka haraka, kabla hajatoweka.

Verna hakuzoea. Aliona wivu, wivu wa kumfanya mtu ahesabu manyoya ya paka. Wanawake asiowajua walimletea pai za tufaha na vikadi: mwambie daktari ana sauti ya kumrudisha mtu. Sauti gani hiyo? Miaka ishirini Roscoe hakuwa na sauti ya kumwita mkewe hata kutoka chumba cha pili. Pai alizitupa, sahani akaziosha na kuzirudisha kwa wenyewe.

Kilichomuuma zaidi ni kukumbuka miaka ya zamani. Wakati ule Roscoe alishinda nyumbani kila jioni, mezani, akiwaandikia wachimba makaa ya mawe vidonge vya maumivu ya mgongo, cheti juu ya cheti, mamia kwa wiki, na Verna akivikunja na kuvitia kwenye bahasha. Walicheka sana miaka ile. Vigae vya marumaru vya jikoni vilitandazwa miaka hiyo hiyo. Verna alijua vizuri watu wanaolala chini leo ni akina nani, na vidonge vyao vya kwanza viliandikwa kwenye meza ipi. Alijua, na bado aliitamani miaka ile irudi.

Akaenda kwenye duka la dawa la Delphine Mullins.

“Nipe kile kiboksi.”

“Cha nani, shoga?”

“Sheria mpya inasema huna haja ya kuuliza.”

Delphine akacheka, akainama kukitoa chini ya kaunta. “Haya, mama wa sheria. Lakini wewe mume unaye nyumbani, na bado unakuja kumnunua dukani?”

“Nyumbani yupo saa ngapi?”

“Juzi alikuwa hapo nje kwenye maegesho, na binti wa akina Lovell. Nilimsikia kwa masikio yangu. Bibi wee, mimi mwenyewe nilitamani kulala chini.”

Verna aliondoka bila kuaga.

Alhamisi saa tano asubuhi, alipojua Roscoe yuko kwa kinyozi, alifunga mlango wa jikoni, akavua viatu, akalala kwenye vigae na kujipulizia dawa puani. Dawa hiyo haimfanyi kitu asiye na vidonge mwilini. Roscoe akatokea amepiga magoti, shuka la kinyozi shingoni, shavu moja limejaa povu.

“Niko hapa, mpenzi,” alisema. “Huendi popote. Pumua nami. Hivyo hivyo. Sikuachi.”

Verna alipumua naye. Mkono wake ulikuwa ndani ya mikono miwili ya Roscoe, na machozi yakamtiririkia masikioni. Roscoe akamwondolea nywele usoni kwa kidole gumba, akamtazama.

“Ah,” akasema. “Kumbe ni wewe.”

Akauachia mkono. Zilikuwa zimebaki dakika tano. Alizimaliza akitazama saa ya ukutani, akauliza kama maziwa yapo. Verna akasema yapo. Kisha Roscoe akarudi kwa kinyozi.

Jumatatu Verna alikwenda tena dukani.

“Kile cha kwanza kilifanya kazi?” Delphine aliuliza.

“Nusu.”

“Basi chukua viwili.”

Alhamisi iliyofuata alijifunika uso kwa kitambaa cha kufutia vyombo, kimeloweshwa maji. Familia nyingi huwawekea wagonjwa wao kitambaa hivyo wakijaribu kuwaamsha, na Roscoe alikwisha kuviona vingi. Alitokea, akashika mkono, akaanza. Alimwita mpenzi mara nne. Alimwambia asiogope, hakuna aliyemkasirikia. Na kwa kuwa huwaambia pia vitu vidogo vidogo ili wabaki macho, alitupa jicho huku na huku.

“Una jiko zuri,” akasema. “Mke wangu angelipenda sana.”

Verna alimkaza mkono tu, akapata dakika zote saba.

Jumatatu alizikagua suruali. Moja ilikuwa na manyoya ya paka yule yule. Ile ya Alhamisi haikuwa na kitu magotini, maana Verna hupiga deki kila siku. Akaitia mashineni pamoja na nyingine.