Kikohozi Ndani ya Msitu

Aliye na mtoto anayependa kufuata sauti porini, na atulie asikie yaliyompata mama mmoja, fundi cherehani, na binti yake kitindamimba.

Binti alikuwa akitafuta kidege cha msituni, hakizidi kidole gumba, kijani mgongoni, nyusi za njano. Kusikika husikika, kuonekana, thubutu! Ofisi ya misitu iliahidi kazi kwa atakayekiona kwa macho na kutaja alama zake zote. Siku moja mama alimsindikiza. Kidege kikapiga miluzi mitatu, binti akarekodi kwa simu, na papo hapo kikohozi kikamtoka mama.

"Mama, umeniharibia!"

"Nimekiitikia tu, mwanangu. Ni adabu."

Binti akacheka, akaiacha rekodi hivyo hivyo. Akamtumia na mwalimu wake, aliyekuwa akitafuta upande wa pili. Kazi yao ndiyo hiyo: unapiga sauti kwa simu, unanyamaza, kikijibu unakifuata.

Jumamosi mama alimpelekea binti chakula cha mchana. Njiani akamkuta mwalimu anachungulia vichakani, jasho linamtiririka, meno yote nje.

"Shikamoo, mama. Sss! Kinanijibu tangu asubuhi, na kinasogea!"

Akabonyeza simu. Miluzi mitatu, kisha kikohozi. Kutoka ng'ambo ikajibu miluzi mitatu, na upepo ukaleta kikohozi.

Mama akamdaka mkono. "Hicho si kidege, mwalimu. Hicho ni mimi! Zima, mwanangu anakufuata wewe!"

Maana kati yao palikuwa na korongo lililofunikwa na majani, huoni mpaka umeshakanyaga hewa.

"Kitinda! Simama hapo hapo!"

Lakini anayetafuta ndege hana masikio ya watu. Vichaka vikachakarika, tawi likavunjika, ukasikika ukelele mmoja mfupi.

Mwalimu akakimbia kutafuta watu na kamba. Mama akabaki ukingoni, hana pa kushika wala pa kushukia, anaita hadi sauti inamkauka. Chini hakujibu mtu, ila simu iliyokuwa ikijirudia yenyewe. Miluzi mitatu, kikohozi. Miluzi mitatu, kikohozi chake mwenyewe.

Ndipo kwenye tawi, mkono mmoja tu kutoka usoni pake, kikatua kidege. Kijani mgongoni. Nyusi za njano. Kikainamisha kichwa, kikasikiliza korongo.

Mama alikiona vizuri, alama zote. Wa kumwambia hakuwa naye.