Mkono Kinywani mwa Ng'ombe

Ng'ombe wetu alianza kutoa udenda kama aliyekabwa. Mke wangu, Jenifer, akadhani amekwamwa na kipande cha mgomba, maana ndicho chakula chake kila siku. Mimi nikashika taya, yeye akaingiza mkono hadi kooni. Meno yakamchubua, na hakukuwa na kitu. Jioni ng'ombe akafa. Daktari wa mifugo akasema dalili zile ni za kichaa cha mbwa.

Jenifer ana mimba ya miezi sita. Mbili za kwanza zilitoka.

"Sichomwi," alimwambia nesi pale zahanati. "Hii nayo ikitoka?"

"Dada, wajawazito wengi wamechomwa chanjo hii, watoto wakazaliwa wazima. Mkono utauma, pengine na homa kidogo. Lakini ugonjwa ukishaanza hauponi."

Jenifer akanigeukia. "Mwaipopo, unasemaje?"

"Mtoto namtaka. Ila ukifa naye yumo humo humo tumboni. Nitabaki na nani?"

Aliweka mkono tumboni. Kisha akakunja mkono wa gauni.

"Aanze huyu," akamwambia nesi. "Ndiye aliyeshika taya."

Nikaitazama michubuko ya kupogolea chai vidoleni mwangu, iliyolowa udenda siku ile, nikavua koti.